Barua kwa Aika, aliyeniuliza kwa nini sikutamka Imani

Old Moshi, Jumanne jioni

Mwanangu Aika,

Ujumbe wako nimeusoma mara nyingi tangu Jumapili. Umeniandikia: "Mama, siku ya Krismasi nilisimama karibu yako wakati wa Imani ya Mitume na hukutamka hata neno moja. Je, huamini tena? Na kama huamini, kwa nini ulitulea tukisali, na ni nani anayekuambia lipi jema na lipi baya?" Halafu chini kabisa, peke yake, ukaongeza: "Na baba, hutegemei kumwona tena?"

Nilitaka kukupigia simu nikashindwa. Kwenye simu ungelia, nami ningelia, tukaishia kuulizana hali ya watoto. Kwa hiyo nimekaa hapa barazani na kalamu, na nitakujibu yote.

Siamini, mwanangu. Siamini kwamba yupo Mungu anayetusikia na kupanga nani aishi na nani afe. Jambo hili halikuanza Krismasi, lina miaka zaidi ya ishirini na tano. Watu wana majina yao kwa mtu kama mimi: mpagani, kafiri, mkana Mungu. Hayo majina siyatambui. Sijagombana na mtu yeyote, wala simkani ambaye ningeona dalili zake. Nimetafuta tu, tena kwa muda mrefu na kwa moyo wote, sikuona.

Unanijua kama mkunga. Lakini usiku mmoja wa mwaka 1994 sijawahi kukusimulia. Ilikuwa masika, nikiwa zamu ya usiku katika wodi ya wazazi, hospitali sitaitaja. Alikuja mama kijana, mtoto wake wa pili. Mtoto akatoka salama, akalia vizuri, kondo la nyuma likafuata. Kisha damu ikaanza na haikukoma. Sisi wakunga tunafundishwa kwamba ikizidi nusu lita ni hatari. Yake ilipita hapo kabla sijamaliza kumfunika mtoto. Nilimchoma sindano, nikamkanda tumbo ili mji wa mimba ukaze, mikono ikafa ganzi. Na nilisali, Aika. Nilisali kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani, kama bibi yako alivyonifundisha. Kwenye friji la damu hapakuwa na hata chupa moja ya kundi lake. Ndugu zake walikuwa mlimani na barabara ilikuwa tope. Alfajiri saa kumi na moja akakata roho, mkono wake ukiwa umeshika aproni yangu.

Nilikwenda kuzika. Mzee mmoja akasimama kaburini akasema maneno tunayoyasema sote: kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye migomba, na makosa yale nilikuwa nayajua moja moja. Friji tupu. Gari la wagonjwa lisilo na mafuta. Daktari mmoja kwa wodi tatu. Na mimi mwenyewe, niliyesita karibu dakika kumi kumwamsha daktari huyo kwa sababu alikuwa mkali. Yote yalikuwa makosa yenye wenyewe. Tukishamkabidhi Mungu, hayaitwi makosa tena, hakuna anayeyarekebisha, na mwezi ujao anazikwa mwingine.

Sikuacha kuamini siku ile. Niliendelea kwenda ibadani miaka mingi nikitumaini moyo utarudi. Lakini kuanzia siku ile niliacha kusema sentensi hiyo. Nilikwenda kwa mkuu wa wodi nikaomba tuwe na daftari la watu wanaoishi karibu na hospitali, kila mmoja na kundi lake la damu, wanaokubali kuamshwa usiku. Simu za mkononi hazikuwepo, mlinzi alitumwa kwa baiskeli. Wa kwanza kuamshwa, saa tisa usiku, alikuwa fundi cherehani Muislamu. Alikuja na kanzu yake ya kulalia, akatoa damu kwa binti wa Kilutheri ambaye hakumjua, akanywa chai, akaenda zake. Sikuwahi kumuuliza kama alifanya hivyo kwa ajili ya pepo. Nadhani alisikia tu kwamba kuna mtu anakufa.

Na nikupe hesabu, maana ulipokuwa mdogo ulizipenda. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria kwamba wanawake 556 walikufa kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulitoa 104. Sala zilikuwepo nyakati zote mbili, na za mama zetu hazikuwa hafifu kuliko za sasa. Kilichoongezeka ni vituo vya afya vyenye chumba cha upasuaji, damu, dawa, na wakunga waliofundishwa. Hadi leo nikiisoma tarakimu ile ya 104 najikuta natetemeka. Kwangu hiyo ni habari njema, nami nilikuwa mmoja wa waliobeba maji ya kuzimia moto ule.

Sasa swali lako gumu: nani ananiambia jema na baya.

Kwa miaka 11 nilishika funguo za kabati la dawa. Usiku, peke yangu, wodi imelala. Sindano zilikuwa za bure, na mama aliyeshikwa na uchungu hana muda wa kuuliza bei. Ningemwambia alete hela, angeleta. Sikufanya hivyo hata siku moja, na kwa nusu ya miaka hiyo sikuwa naamini kwamba kuna jicho linalonitazama kutoka juu. Nililokuwa naliona ni yule mama akirudi nyumbani kuuza kuku wa watoto wake ili kulipia kitu kilichokuwa chake. Hilo lilinitosha. Nimefanya kazi na wasali walioiba na wasali ambao hawakugusa hata pamba. Sala haikunisaidia kuwatofautisha.

Unakumbuka lile somo la Ibrahimu kumpeleka Isaka mlimani? Nililisikia likihubiriwa nikiwa nimekupakata wewe, hujatimiza hata miezi mitatu. Mchungaji alisifu utii wa Ibrahimu. Nami nikakutazama nikajua kwamba sauti yoyote ikiniagiza kukufunga juu ya kuni, itoke mbinguni au popote, nitaikatalia. Wewe ni muumini, Aika, na sasa una Nathani. Sauti ikikuagiza hivyo, nawe utakataa. Utasema Mungu hawezi kusema jambo kama hilo. Sawa, lakini umejuaje? Una kipimo ndani yako unachoipimia hata sauti ya Mungu. Kipimo hicho ndicho ninachotumia mimi. Tunacho sote wawili, na tulikipata mahali pamoja, kwa watu waliotulea.

Bibi yako, kwa mfano. Kuna mwaka aligombana vibaya na jirani juu ya zamu ya maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba. Jirani alifungulia maji usiku yakaingia kwenye shamba lake, vitalu vya bibi vikakauka. Miezi hawakusalimiana. Asubuhi moja jirani akasimama mlangoni ameshika kwa mikono miwili jani la isale, mmea ambao sisi Wachagga tunaombea msamaha. Mimi nilikuwa binti mdogo, nilimwona mama uso wake. Hasira haikuwa imetoka. Lakini alilipokea, kwa sababu ukiletewa isale husemi hapana, na walikaa wakanywa mbege kutoka kibuyu kimoja.

Desturi hiyo ilikuwepo mlimani hapa kabla ya wamisionari wa Leipzig kufika mwaka 1893. Najua utaniambia wazee walimwamini Ruwa, Mungu wa Wachagga, na ni kweli, sitaki kukudanganya kwamba babu zetu walikuwa kama mimi. Lakini jirani yule hakumpelekea Ruwa jani. Alimpelekea aliyemkosea. Hilo limenikaa moyoni kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, maana nimeona watu wakikosea mtu, kisha wanakwenda kutubu mbele ya Mungu, wanatoka wamepata amani, na yule waliyemkosea bado analala njaa.

Usidhani nawadharau wanaoamini. Dini imejenga sana kwetu. Shule niliyosoma ilikuwa ya kanisa. KCMC, hospitali yetu kubwa hapa Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilianzishwa na shirika la kikanisa lenye jina la Msamaria Mwema, na mfano ule wa Msamaria naupenda mpaka leo. Kuhani alipita, Mlawi alipita, akasimama mtu ambaye kwa Wayahudi imani yake haikuwa sahihi. Yesu hakusema Msamaria alibadili dini kwanza.

Kinachoniuma ni pale imani inapochukua watu wenye shida na kuwaahidi njia ya mkato. Tarehe 1 Februari 2020, pale uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Nilisikia wengine mjini wakiwacheka marehemu. Mimi sikuweza. Kwa kazi niliyofanya najua anayekimbilia mafuta usiku ni nani: ana mtoto mgonjwa, au deni, au tumbo lisiloshika mimba, na ameshapanga foleni zote nyingine.

Umeniuliza kwa nini niliwalea kanisani. Baba yako aliamini, na aliamini vizuri. Imani yake ilimfanya mpole. Nilimwambia ukweli wangu mwaka 2003, usiku, mmelala. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikaogopa. Kisha akasema, "Basi nitaamini kwa ajili yetu wawili." Akaniomba nisiwaambie ninyi mpaka muwe watu wazima, muwe na miguu yenu. Nikakubali. Nikawapeleka kipaimara, nikawashonea nguo nyeupe, nikatamka Imani pamoja nanyi neno kwa neno. Alipofariki mwaka 2019, sikuweza tena kuitamka. Maneno yale tulikuwa tunayasema wawili, yeye akiyabeba.

Na hapo ndipo swali lako la mwisho. Hapana, mwanangu. Sitegemei kumwona tena. Nimeandika sentensi hiyo nikaiacha, nikaenda mpaka kaburini kwake nikarudi. Najua inakuumiza, na kama kwako yuko mahali anakungoja, sitakuja kukunyang'anya hilo. Lakini umeniuliza mimi. Kwangu mimi baba yako aliisha, na kwa sababu aliisha, miaka 33 tuliyokaa pamoja haina nakala nyingine. Siku ya mwisho aliomba maji, nikamnywesha kwa kijiko, akasema aika, ahsante. Sidhani nitapewa nafasi nyingine ya kumnywesha. Nashukuru sikuiacha ile. Mibuni aliyoipanda upande wa juu wa kihamba, shamba letu la urithi, bado inazaa, naipogoa mwenyewe. Kila msimu nikichuma naongea naye, nikijua hanisikii. Naongea kwa sababu nilizoea sauti yangu ikiwa na yeye karibu.

Jina lako alilichagua bibi yako: Aikaruwa, ahsante Ruwa. Mimi nimekuita Aika tangu siku ya kwanza. Nusu ile ya jina siku zote imenitoka moyoni bila shida, hata nisipojua shukrani yenyewe niielekeze wapi. Mara nyingi naielekeza kwako.

Kuna jambo moja nimekukosea. Niliwafundisha kutosema uongo, na kwa miaka ile yote nilisimama kando yenu nikitamka nisichokiamini. Ahadi kwa baba yenu ilikuwa ahadi kweli, lakini mlitimiza miaka 18, mkatimiza 25, mkaoa na kuolewa, nami bado nikanyamaza. Nilinyamaza kwa woga. Niliogopa ungeniangalia kwa jicho jingine. Ndani ya bahasha hii kuna jani la isale, nimelikata leo kwenye mpaka wa chini. Litafika huko Dar limenyauka kidogo. Lipokee.

Ubatizo wa Nathani nitakuwepo, Pasaka, mbele kabisa, nitampakata kama utaniruhusu. Mchungaji akiuliza maswali, mtajibu ninyi wazazi na wasimamizi, mimi nitanyamaza, na sasa utajua kwa nini. Baada ya ibada nitanunua ndizi kwenye mnada kama kawaida. Gauni jeupe alilobatiziwa baba yako lipo kabatini, nimelifua na kulipiga pasi, kola tu imechanika kidogo nami nitaishona. Mbuzi nimeshaagiza. Niambie mnapanda basi la saa ngapi, nije niwapokee stendi.

Mama yako