Bima ya kipato hailipii jina la ugonjwa

Msomaji anayehudumia wazee huko Minnesota, Marekani, ameniandikia: bima ya kipato aliyokatiwa kazini imekataa dai lake. Mgongo umemshinda, cheti cha daktari kinasema ana maumivu na apumzike, kampuni inajibu kuwa ushahidi hautoshi.

Dada yangu, cheti hicho hakitoshi kweli. Bima hii hulipa pale inapothibitika kuwa kazi huiwezi, hata ugonjwa uitweje. Mwombe daktari aandike vipimo: unanyanyua kilo ngapi, unakaa dakika ngapi kabla ya kulazimika kusimama, dawa zinakulevya kiasi gani. Ambatisha majibu ya MRI, yaani picha ya ndani ya mwili, pamoja na maelezo ya kazi kutoka kwa mwajiri yanayotaja kuwageuza na kuwahamisha wazee. Mkaguzi akiziweka karatasi hizo pamoja, aone mwenyewe kwamba uwezo wako na kazi hiyo haviendani. Na usiruke kliniki. Miezi miwili bila kumwona daktari husomwa kama umepona.

Dai mkataba wenyewe, usiridhike na kijitabu cha mwajiri. Mingi huanza kulipa baada ya siku 90 au 180 za kusubiri, mara nyingi asilimia 60 ya mshahara, na fedha za ulemavu za Social Security, mfuko wa hifadhi ya jamii wa serikali ya Marekani, hukatwa humo. Tazama hasa maana ya ulemavu. Kwa kawaida miezi 24 ya kwanza swali ni kama unaiweza kazi yako. Baada ya hapo ni kama unaiweza kazi yoyote inayolingana na elimu na uzoefu wako. Hapo ndipo wengi hukatiwa malipo bila kupona, kwa sababu asiyeweza kunyanyua mgonjwa huambiwa anaweza kukaa na kupokea simu. Ushahidi wa kushindwa kukaa uanze kukusanywa mapema, kabla ya mwezi wa 24.

Kuhusu rufaa: kwa bima ya mwajiri binafsi, sheria ya ERISA ya 1974, ile ya Marekani inayosimamia mafao ya wafanyakazi, inakupa siku 180 tangu kupokea barua ya kukataliwa. Usizimalize kwa barua ya hasira ya aya moja. Kwanza omba kwa maandishi nakala ya faili lako lote, ni bure, usome daktari wa kampuni ya bima aliandika nini, kisha daktari wako amjibu hoja kwa hoja. Kila ushahidi uingie kwenye rufaa hiyo, maana ukifika mahakamani, jaji kwa kawaida huangalia yaliyomo kwenye faili tu.