Kifaa kikiwa nyuma ya kilima, kitajuaje kwamba masafa yanatumika?

SWALI: Tangu mradi wa Mawingu ulipoleta intaneti huku Nanyuki mwaka 2013 kwa kutumia masafa ya televisheni yaliyo wazi, nimekuwa nikijiuliza: redio tambuzi, yaani kifaa kinachosikiliza masafa na kurusha pale tu yanapokuwa matupu, ikifichwa na kilima itajuaje kwamba mwenye leseni ya masafa hayo yuko hewani? Na yeye mwenye leseni anafaidika nini?

JIBU: Wasiwasi wako una msingi. Kilima hudhoofisha mawimbi ya mnara, kifaa kilichoko bondeni kikadhani masafa ni matupu na kuanza kurusha, kumbe jirani aliyeko juu anatazama taarifa ya habari na picha yake inakatika. Ndiyo maana vifaa kadhaa hupima kwa pamoja na kupeleka matokeo kwenye kituo kimoja kinachoamua.

Tuchukue vifaa 3, kila kimoja kikiweza kuyanasa mawimbi ya mnara mara 60 kati ya 100. Ikiwa taarifa ya kifaa kimoja tu yatosha kuzuia urushaji, mnara utagunduliwa mara 94 hivi kati ya 100. Gharama yake ni tahadhari za uongo: kila kifaa kikidhani mara 10 kati ya 100 kwamba mnara uko hewani ilhali haupo, angalau kimoja kati ya hivyo 3 kitatoa tahadhari hiyo mara 27, na nafasi iliyo wazi itapotea bure. Naona ni haki gharama hiyo ibebwe na anayeazima, si mwenye masafa. Hata hivyo, hesabu hii husimama pale tu vifaa vinapokuwa vimetawanyika, kwa maana vikikaa nyuma ya kilima kilekile vitakosea pamoja.

Kuhusu faida, upo utaratibu ambamo redio tambuzi humlipa mwenye leseni kwa kazi, nao huwafaa wenye mitandao ya simu kuliko vituo vya televisheni, ambavyo hurusha mfululizo. Simu ikiwa mbali na mnara wake, data huchukua muda mrefu kuifikia. Redio tambuzi iliyo katikati huipokea data hiyo na kuirusha upya, na kazi ambayo ingechukua milisekunde 10 ikimalizika kwa 6, zile 4 zilizobaki huwa za msaidizi kwa mawasiliano yake mwenyewe. Mwenye leseni ndiye anayepanga mgawanyo huo, na iwapo msaidizi mwenyewe haifikii simu ile vizuri, mwenye leseni hana sababu ya kukubali.