Mota ya kapasita au ECM? Hesabu saa kwanza

Ndugu wa Kileleshwa, umesema feni ya ndani ya AC yako ya dari imekufa. Fundi mmoja anataka kuisuka upya, yaani kuivisha koili mpya za waya, mwingine anasema uitupe ununue ECM, mota inayoendeshwa na ubao wa elektroniki, kwa kuwa "inakula stima nusu". Nimepitia yote mawili, kwenye nyumba mbili, na majibu yalitofautiana.

Kwanza, una uhakika mota imeungua? Yangu ilikuwa inanguruma tu bila kuzunguka. Nikaibeba hadi Kirinyaga Road, ikasukwa kwa 4,500, nikaifunga, ikanguruma vilevile. Kumbe ilikuwa kapasita, kile kikopo kinachohifadhi chaji ya kuisaidia mota kuanza, kitu cha shilingi mia chache. Nilijiona bwege kweli. Kwa hiyo zima swichi kubwa, hakikisha fundi ametoa chaji iliyobaki kwenye kapasita, kisha zungusha gurudumu la feni kwa mkono. Likienda laini na hakuna harufu ya kuungua, badilisha kapasita kabla ya kitu kingine chochote, yenye maikrofaradi zilezile zilizoandikwa kwenye ile ya zamani.

Sasa mota zenyewe. Ya zamani, PSC, yaani hiyo ya kapasita, hupokea stima moja kwa moja kwenye koili, na kapasita huisaidia kuanza na kuendelea kuzunguka. Kasi unachagua kwa waya: mmoja wa juu, mmoja wa kati, mmoja wa chini. Shida iko hapo chini. Ukiipunguza kasi, inateleza, yaani sehemu inayozunguka inabaki nyuma ya mzunguko wa sumaku ya koili, na sehemu kubwa ya stima inageuka joto badala ya upepo. ECM ina rota (sehemu inayozunguka) ya sumaku na ubao wa elektroniki unaogeuza stima kuwa DC, ya mwelekeo mmoja, halafu unalisha koili kwa zamu. Hii ikipunguza kasi, inapunguza na ulaji. Nguvu inayohitajika na feni hufuata kipeo cha tatu cha kasi, yaani ukigawa kasi kwa mbili, nguvu inabaki moja ya nane. ECM inakaribia kukupa faida hiyo, PSC haikaribii.

Nilipima kwa mita. Kwangu, kasi ya juu: PSC wati 480, ECM 370. Kasi ya chini: 310 dhidi ya 70. Soma tena hiyo ya chini, maana ndiyo habari yote.

Mimi nawasha joto Juni hadi Agosti tu, kwa muda wa kama saa nne kila jioni, kasi ya juu. Tofauti ya wati 110 kwa siku 90 ni yuniti 40 hivi. Kwa shilingi 28 kila yuniti, nimeokoa kama 1,100 kwa mwaka. Mota ya ECM ilinigharimu 38,000. Nitakuwa babu kabla haijajilipa.

Kwa mama mkwe, Lavington, mambo ni mengine. Ana pumu, na feni yake inazunguka usiku na mchana kwa kasi ya chini ili filta inase vumbi. Tofauti ya wati 240 kwa saa 24 ni karibu yuniti 173 kwa mwezi, zaidi ya 4,800. Mota ya bei ileile ilijilipa ndani ya miezi minane, na kelele ikapungua hadi akanipigia simu kuuliza kama imezima.

Lakini hiyohiyo ya mama mkwe ilikufa ubao mara moja, stima iliporudi kwa kishindo baada ya kupotea. Mota yenyewe ilikuwa nzima. PSC huvumilia hayo zaidi, na fundi yeyote ataisuka. Ubao wa ECM utauagiza na kungoja. Ukiiweka, weka na kile kifaa cha kukata stima ikizidi au ikipungua. Sikukiweka, nikalipa.

Wauzaji pia hawasemi kwamba ECM ziko za namna mbili. Moja hushikilia nguvu ileile ya kuzungusha, nyingine hushikilia kiasi kilekile cha hewa. Hii ya pili, filta ikijaa vumbi, inakaza mwendo na kula stima zaidi, nawe husikii upungufu wowote wa upepo hadi tokeni ziishe mapema. PSC filta ikiziba, upepo unafifia, unajua.

Na usikubali mota ya kuletewa na binamu kutoka Marekani. Kule stima ni hezi 60, hapa ni 50. PSC ya kule itazunguka polepole hapa na kuchemka, hata ukiitafutia transfoma ya kushusha volti.

Tuambie feni yako inazunguka saa ngapi kwa siku, na bamba la mota limeandikwa nini. Kama ni jioni za baridi tu, mimi ningeisuka.