Mchanga wangu wa kompyuta unakataa kupanda

Swali: Mhariri habari, niko Kayole, nasoma uhandisi. Kwa projekti nimetengeneza modeli ya mawimbi yanavyochafua maji chini ya bahari, nimeweka sakafu flati kabisa, sasa mchanga unabaki chini tu hata wimbi likiwa na nguvu. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu yangu, shida ni hiyo flati. Chukua karai, weka mchanga wa mjengo uliochekechwa na maji kidogo, halafu tikisa polepole huku na huku, utaona vimatuta vinajipanga vyenyewe, na nyuma ya kila kimoja maji yanajizungusha yakibeba mchanga, wimbi likigeuka tu huo mzunguko unarushwa juu ya kilele na wingu la mchanga linapanda nao. Hiyo inatokea mara mbili kwa kila wimbi! Mimi hiyo hunifurahisha kila nikiiona. Bagnold, mtafiti Mwingereza wa mwendo wa mchanga, alichunguza hayo mambo maabara, akachapisha 1946.

Kwa hivyo ipe modeli yako vimatuta, urefu wa kwenda juu uwe kama 0.15 hadi 0.2 ya umbali kati ya vilele, na uache mchanga utoke chini wakati maji yanageuka, si wakati yana spidi kubwa pekee. Kama kompyuta yako haiwezi kuchora kila kituta, ongeza ukwaruzo wa sakafu na msukosuko karibu na chini. Lakini mawimbi makali sana hufuta vimatuta, hapo flati yako inarudi kuwa sawa.