Uliza Anti: Soda zetu wenyewe kwenye meli ya kitalii, inaruhusiwa?

Anti shikamoo. Nakuandikia toka Houston. Desemba tunapanda meli ya kitalii pale Galveston, usiku 7, tuko mimi na mume wangu, watoto watatu na mama mkwe anakuja toka Tanga kututembelea. Tiketi tushalipa ndo nasikia soda melini ni ya kununua, nikasema hii kali, yaani pizza unakula mpaka saa nane za usiku hawakudai kitu halafu Fanta ndo nilipie! Watoto wangu kwa soda hawajambo, na mama mkwe wali haushuki bila Stoney Tangawizi pembeni. Shoga yangu mmoja ananiambia pakia tu kwenye masanduku hawaangalii, mwingine anasema wananyang'anya mpaka maji. Nimsikilize nani?
*Mama Watatu, Houston*

Marahaba mwanangu, na mama mkwe mpe salamu zangu.

Hao mashoga zako wote wawili wamepatia nusu, na shida ni moja tu, hujaniambia mnapanda meli ya kampuni gani. Galveston siku hizi unawakuta Carnival, Royal Caribbean, Norwegian, MSC, na Disney naye kwa msimu, na kila mmoja ana sheria yake ya soda. Kwahiyo kabla hujaenda Walmart kujaza toroli, fungua ile email ya bukingi uangalie jina.

Kama ni Carnival umeokota. Wao wanaruhusu kila abiria makopo 12, kopo lisizidi aunsi 12, yaani hizi kopo za kawaida za mililita 355, au paketi za boksi kama za juisi. Kila abiria, sio kila chumba, mko sita hapo fanya hesabu mwenyewe, ni makopo 72, mnaweza kufungua genge. Ila CHUPA HAPANA, iwe ya kioo iwe teikewei ya plastiki, iwe na soda au maji, haipiti. Zamani walikuwa wanaruhusu, wakapiga stop Julai 2015, na waliosababisha ni walevi, watu walikuwa wanamwaga maji ya chupa wanajaza vodka halafu wanafunga kizibo vizuri utadhani imetoka kiwandani, sasa mkaguzi ana maelfu ya watu kwenye foleni hawezi kukaa kunusa chupa moja moja. Kopo huwezi kulifungua ukalifunga tena, ndo maana kopo limebaki. Wengi wanadhani ni uchoyo wa kuuza soda, na mimi sisemi biashara haimo hapo, imo, lakini kisa cha chupa ni hiko.

Royal Caribbean wao ni 12 kwa CHUMBA, hapo ndo wengi wanapokwama, mtu kasoma mahali "kumi na mbili" akajua ni kila kichwa. Nyie sita bila shaka mna vyumba viwili, basi ni 24 jumla. Uzuri wao chupa za plastiki wanakubali, mradi haizidi aunsi 17, kama nusu lita hivi. Norwegian na MSC sahau, soda hairuhusiwi. Disney hata usijisumbue, kule soda ni bure wakati wa kula na kwenye zile mashine za juu kwenye deki, utabeba ya nini?

Sasa hilo la masanduku, hapo huyo shoga yako anakupotosha. Hata meli inayoruhusu soda inataka uingie nayo MKONONI siku ya kwanza, siku ya kupanda, basi. Ukiweka kwenye lile sanduku unalomkabidhi mpagazi nje ya jengo, linapita eksirei, makopo yanaonekana kama mchana, sanduku linawekwa pembeni na wewe unaitwa ukalifungue mbele yao, wakati wenzako wako juu wanakula. Na hata likipita, masanduku yale yanarundikwa moja juu ya jingine kwenye vizimba vya chuma, kopo moja likipasuka ndani, gauni lako la usiku wa kupiga picha limekwisha rangi ya Mirinda. Wazoefu unawaona pale kwenye foleni, mtu kakumbatia boksi lake la Sprite hivi hivi kama mtoto, plastiki haijaguswa, anafika kwenye mkanda analiweka linapita mashine pamoja na mkoba, mkaguzi anachungulia kama pande zote zimezibwa, anapunga mkono, kwisha habari. Usilifungue boksi nyumbani ili "lipungue uzito", likiwa wazi ndo wanaanza maswali. Na ugawe, kila mtu mzima abebe la kwake, boksi la 12 ni kama kilo nne na nusu, kamba ya boksi inakata vidole na foleni haijui kama una haraka.

Tuje kwenye pesa maana najua ndo swali lenyewe. Meli zinauza kifurushi cha soda, unalipa kwa siku unakunywa bila kikomo, bei inabadilika badilika ila tuseme dola 10 kwa siku, juu yake wanaongeza tipu ya lazima asilimia 18 mpaka 20 kutegemea kampuni. Na huwezi kununua cha siku mbili tatu unazotaka wewe, ni safari nzima. Kwa usiku 7 mtu mmoja inakwenda dola 82 mpaka 84, sita ni kama 500! Soda moja moja ukinunua, tuseme dola 3 na hiyo tipu inakuwa tatu na nusu, kwahiyo kifurushi kinaanza kulipa mtu akifikisha soda nne kwa siku, kila siku, hata ile siku meli imetia nanga Cozumel, kile kisiwa cha Mexico, mko huko kutwa nzima hamko melini. Na msidanganyane mtachukua kimoja mkinywe sita, kinafungwa kwenye kadi ya mtu, mhudumu anaona na picha yako. Mimi kwa familia yako nisingechukua. Labda huyo mtoto mmoja mkubwa kama kweli ni balaa la soda, Carnival cha watoto huwa bei ya chini kidogo.

Halafu mnasahau vya bure. Maji na barafu bure, chai, kahawa, limau ya baridi na chai ya barafu ziko bafe muda wote, asubuhi kuna juisi. Kwahiyo hayo makopo ni ya kushikia tamaa tu.

Friji ya chumbani isikudanganye, nyingi zinapooza tu hazigandishi, na ukikuta imejaa vinywaji vya kuuza mwombe mhudumu wa chumba avitoe upate nafasi, wamezoea. Mwambie pia akuletee ndoo ya barafu jioni. Carnival wanaruhusu hata kuingia na kile kiboksi kidogo cha kupoozea, kisizidi inchi 12 kila upande, cha kubeba mkononi.

Stoney ya mama sasa. Kama anaitoa Tanga, ya chupa itakataliwa Carnival na ya mkononi haivuki ukaguzi wa uwanja wa ndege maana huko mwisho mililita 100, labda aweke za kopo kwenye begi la chini la ndege na azivalishe soksi. Mimi ningemtafutia kopo za soda ya tangawizi hapohapo Houston kwenye maduka ya Waafrika au ya Wajamaika, ile ya Kijamaika inawasha kuliko hata Stoney, atakuja kuniombea dua.

Anti mambo, mie niko Muscat. Tunataka kupanda MSC pale Dubai kipindi cha baridi, je naweza kuingia na Vimto na laban, yale maziwa ya mgando ya kunywa? Wanangu hawanywi soda nyingine.
*Baba Nasra*

Poa Baba Nasra. Hapana. MSC chakula na vinywaji vya nje hawataki, wanaachia vya watoto wachanga na vya mtu mwenye masharti ya daktari, na Vimto sidhani kama kuna daktari atakuandikia. Maji ya kunywa yako bafe kwenye mashine, hayalipiwi. Angalia tu usiku kwenye ile hoteli ya kukaa na kuhudumiwa, maji ya chupa wakikuletea mezani uliza kwanza kama yanaingia kwenye bili. Vimto wanyweni ya kutosha Dubai kabla ya kupanda.

Na kijana wa Mombasa ukimkuta anahudumu humo, maana wapo, msabahi, mpigie stori, ila usimuombe akupitishie kitu, kazi yake ndo itakayopotea.

Anti shikamoo, baba yangu ana sukari na usiku analala na ile mashine ya kusaidia pumzi, inatumia maji ya distili, yale yaliyosafishwa kwa mvuke. Meli yetu ni Norwegian toka Miami, nimesoma hawaruhusu kinywaji chochote. Sasa akishukiwa na sukari usiku wa manane itakuaje?
*Binti wa Mzee, Minneapolis*

Marahaba binti yangu. Tulia. Marufuku ya Norwegian ni kweli, soda na maji ya kunywa hapana, lakini maji ya distili ya kutumia kwenye mashine ya mgonjwa wameyaachia, na maji ya kukorogea maziwa ya mtoto vilevile, sharti kontena liwe limezibwa na kiwanda. Usije ukayahamishia kwenye chupa nyingine eti dumu ni kubwa, hapo utakwama mwenyewe. Piga simu kampuni sasa hivi, usisubiri wiki ya safari, waandike kwenye bukingi yake kwamba anatumia mashine, na uwaombe waya mrefu wa umeme maana plagi ya chumbani mara nyingi iko mezani huko, kitanda kiko huku.

Ya sukari kushuka mchukulie vidonge vya glukosi, famasi zote wanauza, si kinywaji kwahiyo sheria haimhusu, aweke pembeni ya mto na vingine mfukoni kwenye koti. Dawa zake zote na sindano ziingie mkononi, kamwe zisiende kwenye sanduku la mpagazi, sanduku linaweza kufika chumbani usiku. Na melini kuna daktari, ila analipisha vizuri tu, kwahiyo bima ya safari iwe na matibabu ndani.

Anti juisi ya ukwaju ya kutengeneza nyumbani kwenye chupa ya chai je?
*Mpenda Ukwaju, Dallas*

Haipiti popote, haijafungwa na kiwanda. Chukua juisi ya unga za paketi, zile za kukoroga, hazina uzito wala hakuna anayezigombania, maji na barafu utavikuta kule.

Je tukishuka Cozumel tukanunua soda za bei rahisi tunaweza kurudi nazo?
*Mama Watatu tena, samahani Anti*

Nimekwambia siku ya kwanza tu mwanangu! Mkirudi toka bandarini begi linapita eksirei ileile, soda wanachukua. Pombe wao wanakuwekea wanakupa mwisho wa safari, lakini kreti la soda hakuna wa kukutunzia. Ila kutoka nazo ruksa, zile kopo zako ulizobaki nazo beba ufukweni zikiwa hazijafunguliwa mkanywe huko, matunda na sandwichi za bafe ndo uache, hizo haziruhusiwi kushuka Mexico.