Mbege ya Minneapolis haina bei

Swali la jarida hili wiki iliyopita lilikuwa hili: "Ni burudani gani ya wikiendi inayokula pesa zako kuliko inavyokulipa, na mbona hujaiacha?" Jibu langu ni kwamba natengeneza pombe nyumbani. Miezi mingi ya mwaka ni bia ya shayiri. Sikukuu zikikaribia, au mgeni wa heshima akiwa njiani, napika mbege, pombe ya Wachaga ya ndizi na ulezi. Yote hayo kwenye jiko la nyumba ya kupanga hapa Minneapolis, Marekani, mahali ambapo mgomba unauona kwenye chungu cha maua tu.

Najua kuna wasomaji wameshakunja uso, kwa hiyo nianze na sheria. Marufuku ya pombe ilipoondolewa hapa mwaka 1933, kutengeneza mvinyo nyumbani kuliruhusiwa, bia ikaachwa nje. Ikabaki hivyo mpaka Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyoifutia kodi bia ya kunywa nyumbani. Kaya yenye watu wazima wawili inaruhusiwa galoni 200 kwa mwaka, kama lita 757 hivi. Mtu mzima anayeishi peke yake, galoni 100. Majimbo nayo yalifuata kila moja kwa mwendo wake, Mississippi na Alabama zikiburuta mkia hadi 2013. Sharti kubwa ni kutouza. Na hapa nazungumzia pombe ya kuchachua tu. Kupika gongo ni habari nyingine kabisa, sheria hiyo haikuigusa, na mimi simo.

Tuje kwenye hela. Mume wangu ni mhasibu, na siku moja alikaa mezani na kalamu yake. Kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa), hopsi (maua ya kutia bia uchungu) na hamira ya bia kwa galoni tano hunigharimu kati ya dola 35 na 50, na hapo napata chupa kama hamsini. Kwa hesabu hiyo ningeonekana mjanja. Lakini mwenzangu akaongeza sufuria la lita 40, kipimajoto, haidromita ya kupimia sukari, koili ya shaba ya kupoozea, mashine ya kubana vizibo, pamoja na friji kuukuu iliyoko gereji ambayo haijawahi kuona chakula. Kisha akazitia na saa zangu za Jumamosi, kwa kiwango ninacholipwa kazini. Chupa moja ikatoka ghali kuliko ya baa. Sikumbishia. Nilimuuliza tu, na huo mpira unaoutazama kila Jumamosi tangu tuoane, umekulipa shilingi ngapi?

Bia ya shayiri ni kazi ya joto. Unachukua kimea kilichopasuliwa, unakiloweka kwenye maji ya moto muda wa saa moja, na vimeng'enya vilivyomo ndani ya nafaka vinageuza wanga kuwa sukari. Ukishika nyuzi 64 za Selsiasi unapata bia nyepesi, kavu; ukishika 69 unapata bia nzito, yenye utamu unaobaki mdomoni. Nyuzi tano tu, na ni bia mbili tofauti. Ukipitiliza sana vimeng'enya vinakufa, nawe unabaki na uji wa shayiri. Baada ya kuchuja, maji hayo matamu yanachemka saa moja nyingine pamoja na hopsi, yale maua ya kijani yanayolimwa kwa wingi kwenye bonde la Yakima, jimbo la Washington. Yanayoingia mwanzo yanatoa uchungu, yanayoingia dakika za mwisho yanatoa harufu. Mimi naipenda aina ya Cascade, iliyotoka kwenye utafiti wa Oregon na kufika kwa wakulima mwaka 1972. Inanukia kama ganda la balungi. Kwenye kuchemsha, usigeuke kujibu simu. Povu hupanda ghafla, likafoka, na sukari iliyoungulia kwenye jiko haitoki kwa kitambaa.

Halafu unapooza haraka, hadi kama nyuzi 20, ndipo hamira iingie. Wageni wengi hudhani tuliojaliwa theluji tunachimbia tu sufuria nje. Haifai. Theluji inayeyuka pembeni mwa sufuria, inaacha upenyo wa hewa, na hewa ni blanketi. Maji ya bomba ya Januari yakipita ndani ya koili yanamaliza kazi kwa dakika kumi na tano.

Mengine ni kuosha. Ndoo, mipira, chupa, vizibo, kijiko cha kukorogea: kila kitakachogusa bia iliyopoa lazima kiwe kimeuliwa vijidudu, la sivyo wiki mbili zako za kuisubiri ichache zinaishia sinkini. Wakati wa kujaza chupa unatia sukari kidogo ili bia ipate gesi, gramu sita au saba kwa lita. Hapa pima kwa mizani, usikadirie kwa jicho, kwa sababu sukari ikizidi chupa hupasuka kabatini usiku na kukuamsha nyumba nzima.

Sasa mbege, ambayo ndiyo hasa inayonifanya nisiache.

Nimezaliwa Kilema, mlimani Kilimanjaro, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, kilichokuwa na ndizi za kupika, ndizi za kula na ndizi za pombe, na hukuthubutu kuzichanganya bibi akiona. Madukani hapa kuna aina moja, zile ndefu za Amerika ya Kati, zinazosafirishwa mbichi na kuivishwa ghalani. Zikianza kuwa na madoa hakuna anayezitaka, na duka la jirani yangu huzifunga kwenye mifuko na kuziuza kwa bei ya kutupa. Ndizo zangu. Nazivundika kwa siku kadhaa ndani ya blanketi, karibu na kipasha joto, hadi ganda liwe jeusi kabisa. Hapo namenya, nabandika na maji, nakoroga kwa mwiko wa mninga niliotoka nao nyumbani. Zinapita kwenye njano, zinakuja waridi, na baada ya saa nne au zaidi zinafika kwenye rangi ya tofali, ambayo ndiyo alama. Unaweza kuwa na haidromita tatu, lakini kwa ndizi mimi naamini rangi. Zikipoa naziacha zichache siku nne, tano, nyumba nzima ikanuka harusi.

Ulezi naupata kwenye maduka ya Wahindi, kwa jina la ragi. Watu wengi hununua unga; mimi nanunua punje na kuziotesha mwenyewe, kwa sababu kimea ndicho roho ya mambo yote. Nauloweka usiku kucha, nautandaza juu ya taulo mbichi kwenye sinia, nalisukuma chini ya kipasha joto. Asubuhi na jioni naunyunyizia maji na kuugeuza, ili usipate ukungu. Siku ya pili vijizizi vyeupe vinatokeza. Siku ya tatu vimesokotana kiasi kwamba ukishika pembe moja taulo lote linainuka na ulezi wake, hapo nasimamisha. Kukausha ndiko kunakosumbua katika nchi isiyo na jua miezi mitano: nautia kwenye ovena iliyowashwa taa tu, mlango wazi kidogo, kisha naufikicha kwa viganja mizizi ipukutike, na kuusaga kwenye mashine ya kahawa.

Wenye kusoma haya wakiwa Kilimanjaro mtaniambia kimea chote hupikwa uji. Mimi natenga sehemu. Wanga wa ulezi unataka joto kubwa zaidi kuliko wa shayiri ili ulainike, na joto hilo hilo ndilo linaloua vimeng'enya. Kwa hiyo napika uji mzito, nausubiri ushuke hadi nyuzi 65, ndipo natia kile kimea nilichotenga. Simama hapo uangalie. Mwiko uliokuwa umesimama wima kwenye uji, bila kushikwa na mtu, baada ya dakika chache unaanza kuinama, na kabla ya nusu saa umelala pembeni mwa sufuria. Uji umekuwa maji, na ukionja ni mtamu, bila mtu kutia hata kijiko cha sukari. Wanangu wawili, ambao hawapati hata tone la kilichobaki, hukimbia kutoka chumbani kuja kuona mwiko ukianguka.

Ukishapoa, uji huo unachanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa, unafunikwa, na kesho yake ni mbege. Ni chachu kidogo, ina povu, na bado inachemka yenyewe kwenye kata. Wenzangu wa dukani ninakonunua kimea, wanaume wenye ndevu nzuri na aproni za ngozi, walishtuka nilipowaeleza kwamba sikuziua bakteria za kwenye ulezi. Kwao huo ni uchafu umeingia. Lakini haohao hulipa dola nyingi kwa bia chachu za Ubelgiji zinazotegemea jamaa wa bakteria hao hao. Siku hizi mmoja wao huja na kikombe chake.

Magome ya msesewe ya kutia uchungu sina, na sitaki kujieleza kwa watu wa forodha kuhusu mfuko wa magome. Natumia hopsi, gramu chache tu. Mzee mmoja wa Marangu aliyekuja kumtembelea mwanawe alionja, akanyamaza, akaonja tena. "Mama Neema," akasema, "hii ni ya kikwetu. Ila ndizi zako zina haraka." Mpaka leo najaribu kuelewa maana yake, na naamini ana hoja.

Jambo moja kubwa linalotofautisha mbege na bia ya chupa ni kwamba mbege haisubiri. Bia ya shayiri nitaiweka kabatini miezi na itazidi kutulia. Mbege siku ya pili imechachuka, siku ya tatu ni ya kumwaga, na kuifungia chupa ni kutengeneza bomu. Kwa hiyo ukiipika, ni lazima uite watu. Katika mji ambao miadi ya kahawa inapangwa wiki tatu mbele, mimi napiga simu Ijumaa jioni nasema imeiva, na Jumamosi sebule imejaa: Watanzania, Waganda wanaotaka kujua kwa nini si tonto, pombe yao ya ndizi, shemeji yangu Mluhya anayeapa kwamba busaa, pombe ya nafaka ya kwao Kenya, inaipita, na yule mwenye ndevu.

Kila mara lazima atokee mtu wa kunishauri niiuze. "Dada, fungua kampuni." Nawaelewa. Ken Grossman alianza hivi hivi, akichachua nyumbani na kuuza vifaa vya wachachuaji huko Chico, California, na mwaka 1980 akaanza kupika bia ya Sierra Nevada ambayo leo iko kila mahali. Heri yake. Ila siku nikiuza, nahitaji leseni ya serikali kuu na ya jimbo, na zaidi ya hapo mbege ya mwezi huu lazima ifanane na ya mwezi ujao. Sitaki. Nataka mwezi huu niongeze ulezi, mwezi ujao nipunguze hopsi, na asiwepo wa kudai chenji yake. Rais Obama alinunua vifaa kwa pesa zake, na kuanzia 2011 jiko la Ikulu likawa linatengeneza bia kwa asali ya mizinga ya bustani ya hapo hapo. Wageni waliinywa, mwaka 2012 mapishi yakatolewa hadharani, na hata yeye hakuiuza.

Mwenye jarida, nina swali langu pia kwa wasomaji wa mlimani. Kuchuja ndizi zilizochacha kunanishinda. Mfuko wa nailoni unaziba baada ya lita mbili, kichujio cha chuma kinapitisha nyuzinyuzi, na majani makavu tuliyotumia kwa bibi siyapati. Mwenye njia ya mjini anayoifahamu aiandike hapa, na awahi, kwani mkwe anakuja Pasaka.