Mteja anayerudia dawa ya choo: kwa mnaoanza kazi famasini

Wadogo zangu mnaotoka chuoni na kuanza kusimama kaunta, iwe famasi ya Kampala au duka la dawa Busia, mtafundishwa mapema kumtazama vizuri anayeomba dawa ya kikohozi yenye kodeini. Mtafundishwa pia kuhusu vidonge vya usingizi. Kuhusu bisakodili, dawa ya kufungua choo kigumu, sidhani kama kuna atakayewaambia lolote. Ni vidonge vidogo vya bei ndogo, watu huvinunua bila karatasi ya daktari, na kwa kuwa choo ni jambo la aibu, mteja anaomba kwa sauti ya chini nanyi mnampa haraka aende zake. Kwa sababu hiyo naandika.

Wapo wanaonunua dawa hii na hawana tatizo lolote la choo. Wanaimeza baada ya kula, hasa baada ya kula sana, kwa kuamini kwamba chakula kitatoka kabla hakijawa mafuta mwilini. Nasimama kaunta maeneo ya Nsambya, Kampala, ambako wateja wengi ni wa Kiswahili: familia za polisi, Wakongo, wafanyabiashara wa mpakani. Mara nyingi nimesikia wenzangu wakisema ugonjwa wa kujinyima chakula, au wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha, ni wa Wazungu, na kwamba kwetu mwanamke mnene ndiye aliyesifiwa. Ni kweli, huko Ankole bibi harusi alinyweshwa maziwa ili anenepe. Lakini msichana anayehesabu wiki kabla ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwao, akiogopa jinsi gomesi, vazi refu la heshima, itakavyomkaa na picha zitakavyotoka, haishi katika sifa za bibi yake. Msitegemee kumtambua kwa wembamba pia. Wengi wana mwili wa kawaida kabisa, wengine ni wanene, na wapo wanaume, hasa wenye michezo ya kupimwa uzito kama ndondi.

Jambo la kwanza mnalopaswa kulijua kwa uhakika, kwa sababu mtalieleza mara nyingi: dawa hii haiondoi chakula. Chakula humeng'enywa na kufyonzwa katika utumbo mwembamba. Bisakodili na sanamaki, dawa ya majani ya kufungua choo, hufanya kazi katika utumbo mpana, na kufikia hapo sehemu kubwa ya nguvu ya chakula imeshaingia katika damu. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili. Mizani inashuka asubuhi, mtu anafurahi, anakunywa maji, uzito unarudi, naye anaongeza vidonge. Utumbo nao huzoea kusukumwa, choo cha kawaida kinakuwa kigumu, na sasa ana sababu ya kweli ya kurudi kwenu.

Chumvi ya kuiogopa zaidi ni potasiamu. Kipimo cha kawaida katika damu ni kati ya 3.5 na 5.0 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, nafasi ndogo sana, na moyo hutegemea nafasi hiyo ili upige kwa mpangilio. Kuharisha kila mara hukausha potasiamu. Akiwa anajitapisha pia, anapoteza zaidi. Akimeza na vidonge vya kukojoza maji kama furosemaidi, hali inakuwa mbaya maradufu. Mwanzoni ni uchovu, misuli kukaza, miguu kukosa nguvu, dalili ambazo hapa kwetu kila mtu ataziita malaria. Kisha moyo huanza kurukaruka, na unaweza kusimama kwa mtu ambaye jana alikuwa kazini. Figo nazo huumia kwa kukosa maji muda mrefu. Mteja anayetumia digoksini ya moyo yuko katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu potasiamu ikishuka dawa hiyo hugeuka sumu mwilini. Na anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango aambiwe kwamba kuharisha sana kunaweza kuvifanya visifanye kazi.

Basi mkiona mtu anarudi mara kwa mara, au anataka pakiti kadhaa kwa pamoja, ulizeni. Msiulize mbele ya foleni. Msogezeni pembeni, au msubiri wengine waondoke. Mimi huanza hivi: "Nyabo (yaani mama), choo kimekusumbua kwa muda gani?" Mwenye tatizo la choo hueleza mpaka umchoke. Yule mwingine hujibu kwa neno moja na kutazama mlango. Hapo namwambia polepole kwamba baadhi ya watu huitumia kupunguza mwili, kwamba nimeshakutana nao na siwahukumu, kisha nanyamaza. Msitaje mwili wake. Hata "mbona wewe hujanenepa" ni sentensi ya hatari. Anayeumwa ugonjwa huu huichukua na kulala nayo.

Wala msimfukuze tu. Atavuka barabara anunue chai ya kupunguza tumbo, na mkisoma kibandiko cha chai hizo mara nyingi mtakuta sanamaki ileile. Uingereza mwaka 2020 waliamua pakiti za dawa hizi zinazouzwa nje ya famasi zisizidi vidonge 20, na zisiwe za walio chini ya miaka 18. Naupenda uamuzi huo. Hata pasipo amri ya namna hiyo, hakuna anayewazuia kuuza vidonge vichache na kuuliza umri.

Sasa sikilizeni vizuri habari ya kuacha, maana hapa ndipo wengi hurudi nyuma. Mwili uliokaushwa muda mrefu hujifunza kushika chumvi na maji. Dawa ikisimamishwa, figo zinaendelea kushika, na kwa siku kadhaa, pengine wiki chache, miguu na uso huvimba na mizani inapanda. Msichana akiona hivyo bila kuonywa, ataamini kwamba dawa ndiyo iliyokuwa inamlinda. Mwonyeni kabla: ni maji, si mafuta, na yataondoka. Na akija kuomba furosemaidi ya kuondoa uvimbe huo, msimpe. Mtamrudisha mwanzo, tena kwa njia ya hatari zaidi. Aliyetumia kwa muda mrefu aache chini ya uangalizi wa daktari, damu yake ipimwe.

Akizimia, moyo ukirukaruka, akiona damu kwenye choo, misuli ikikaza isiachie, au akikaa siku nzima bila mkojo, ni hospitali siku hiyohiyo. ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, kutoka kaunta haitoshi kurudisha potasiamu iliyoshuka hivyo.

Kwa upande wa akili, watu wengi wanaijua Butabika tu, hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili, na jina hilo huwatisha. Waelezeni kwamba hospitali za rufaa za mikoa nazo zina vitengo vya afya ya akili, na kwamba kwenda huko ni kuzungumza na kutibiwa, si kufungiwa. Mwandikieni kwenye karatasi jina la kitengo, siku za kliniki na dawa alizokuwa akimeza, ili asilazimike kueleza yote upya mbele ya watu kwenye dirisha la mapokezi. Mkibadilishana zamu, mwambieni anayeingia usiku, bila kutaja jina la mteja mbele ya wengine, kwamba bisakodili kwa wingi isitoke mpaka mtu aulizwe.